Kazi ya wote, kazi ya nani?

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye baraza yetu ya Ijumaa, Wattaya, Maskati. Nimeombwa niyaandike ili ndugu walioko nyumbani na kwengineko nao wayasome.)



Mie si mwanasiasa. Ni muuguzi, na nimekuja hapa baada ya zamu ya usiku, kwa hiyo mkiniona napiga mwayo mniwie radhi. Nimepewa robo saa, nami nitaitumia kukuelezeni kosa langu.

Mnalikumbuka lile kontena letu. Tulichanga, tukapata vitanda vya hospitali, viti vya magurudumu na mashuka, tukavipeleka nyumbani kwa ajili ya kituo cha afya. Kontena likafika bandarini, likakaa wiki tano. Gharama za kuliweka pale zikala pesa zote tulizoziweka kwa ajili ya usafiri na fundi. Hapa barazani watu wakasema: ndivyo walivyo wale, serikali haipendi mambo mazuri. Nami nikanyamaza.

Leo nasema. Barua ya kuombea msamaha wa ushuru haikuwa imepelekwa. Mwenyekiti alidhani katibu keshaipeleka. Katibu alidhani mimi nimeipeleka, kwa sababu kwenye mkutano ni mie niliyesema, "Hiyo niachieni." Kweli nilisema. Kisha nikaingia zamu nne za usiku mfululizo, ujumbe ukazikwa kwenye WhatsApp chini ya salamu na picha za harusi, nami nikadhani mwenyekiti, aliyekuwa akenda Unguja, ataimaliza huko huko. Hapakuwa na mwizi wala adui. Palikuwa na watu watatu wenye nia njema na kazi moja isiyo na mwenyewe.

Linaloniuma ni kuwa kazini nisingethubutu. Wodini, zamu ikibadilika, hatusemi "mgonjwa wa kitanda cha sita aangaliwe." Tunasema nani atamwangalia na saa ngapi, na akishamaliza anatia saini. Kwetu sisi, dawa isiyotiwa saini haijatolewa.

Wala hayo si makaratasi ya bure. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti kabla na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kuwa, kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu! Lakini utafiti wa Ontario, Canada, uliotoka 2014 haukuona tofauti kubwa ilipoletwa orodha kama hiyo. Kwa hiyo sikuleteeni hirizi. Chombo peke yake hakitibu, wanatibu watu wanaokitumia kwa dhati.

Sasa chombo chenyewe. Ziko programu za kupangia kazi za kundi, kama Trello iliyoanza 2011. Asili ya fikra hii ni kadi za kanban za viwanda vya Toyota, zilizobuniwa chini ya mhandisi Taiichi Ohno. Magari yao mnayaona kila siku mkipita barabara hii ya Wattaya, na leo nataka tuchukue na kadi zao. Ni ubao wenye safu nne: Ya kufanya, Inafanywa, Imekwama, Imekwisha. Kila kazi ina kadi yake, na kila kadi ina jina la mtu mmoja, si "kamati", tena ina tarehe. Barua ikipelekwa, picha yake inabandikwa pale pale, na kadi inahama. Safu ya Imekwama si ya kuaibishana. Ningeliweka kadi yangu hapo siku ya pili, mmoja wenu angelinipokea mzigo.

Ila nina sharti moja kama muuguzi: majina ya wagonjwa na nambari za pasipoti zisitiwe humo. Na wazee wasiopenda simu, tutawabandikia karatasi ukutani kila Ijumaa.

Mzee wangu mmoja ameniambia, "Mwanangu, hii ni kutoaminiana." Namheshimu, lakini dini yetu imetuagiza kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na hatukuona kuwa ni kudharauliana. Na wahenga wetu wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Jamani, sisi kila siku tunaidai serikali ya nyumbani uwazi: nani kapewa zabuni, nani katia saini, pesa zimekwenda wapi. Haki yetu kudai. Lakini tukiulizwa sisi kontena letu lilikuwa mkononi mwa nani, jawabu ni "muulizeni mwenyekiti." Kundi ambalo kazi zake zote zimo kichwani mwa mtu mmoja ni mali ya mtu huyo, hata awe mwema vipi. Akiugua, au akikasirika, kundi limekufa. Hatuwezi kuwafundisha wengine uwazi tusioweza kuuweka baina ya watu ishirini wanaokunywa chai pamoja.

Ombi langu ni dogo. Kontena la pili linakuja. Kabla chai haijamiminwa, tufungue ubao na tuandike kadi ya kwanza: barua ya msamaha wa ushuru. Jina liwe langu, na tarehe muipange nyinyi. Nikichelewa, mnione wote.