Weka Hesabu Mahali Watu Wanapopita

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia.)



Nitaanza na aibu yetu wenyewe. Kikundi chetu kilijenga tangi la kuweka maji ya mvua. Karani wetu, mama mmoja mwangalifu sana, alipima maji kila Jumamosi, akaandika katika daftari na kulifungia kabatini. Mwezi wa tisa tangi likakauka. Watu wakasema karani ameuza maji. Alipoleta daftari tuliona kila kitu kimeandikwa sawasawa, jinsi maji yalivyoshuka juma baada ya juma. Hesabu ilikuwako, lakini hakuna aliyeiona. Mama yule aliacha kazi, na hadi leo hatujapata mwingine kama yeye.

Ndiyo sababu nataka niwaeleze habari za Cape Town, mji mkubwa wa Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2017 mvua ilikuwa haba huko miaka mitatu mfululizo, na mabwawa yakapungua. Mapema mwaka 2018 wakuu wa mji walitangaza kwamba maji yakishuka hadi asilimia 13.5 ya mabwawa, mifereji mingi itafungwa. Watu watapanga foleni, kila mtu apate lita 25 kwa siku. Waliiita Siku ya Sifuri. Kutoka tarehe 1 Februari 2018 kila mtu aliambiwa atumie lita 50 tu kwa siku. Hiyo ni mitungi miwili na nusu ya hii yetu ya lita 20. Kupika, kuoga, kufua na choo, yote humo humo!

Sasa, amri peke yake haifungi mfereji. Wakaileta hesabu barabarani. Yale mabango ya stima yanayowaambia madereva habari za msongamano wa magari yakaanza kuwaambia habari za maji. Mtu akienda kazini anasoma, akirudi jioni anasoma tena. Hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

Tena Januari 2018 mji ulitoa ramani ya kompyuta yenye alama ya kijani kwenye nyumba zilizotumia maji kidogo. Angalieni hapo: rangi walipewa waliofanya vizuri. Hata hivyo wengine walinung'unika kwamba matumizi ya nyumba yao si ya kuonyeshwa majirani. Na mitaa ya mabanda, ambako watu wengi huchota kwenye mfereji mmoja, ilikuwa ikitumia sehemu ndogo tu ya maji ya mji. Huwezi kumwambia anayebeba maji kwa kichwa apunguze sawa na mwenye bustani ya maua.

Ikawaje? Mwaka 2015 mji ulikuwa ukitumia lita karibu bilioni 1.2 kwa siku. Mwaka 2018 ulishuka hadi karibu nusu bilioni. Siku ya Sifuri ikaahirishwa mara kadhaa, mwishowe mvua ikanyesha katikati ya mwaka huo. Siwadanganyi, si mabango pekee. Bei ilipandishwa, nguvu ya maji kwenye mabomba ikapunguzwa, na wakulima wakatoa maji yao. Lakini watu walivumilia hayo yote kwa kuwa waliona mabwawa yanakwisha.

Kwingine wamefanya hivyo kwa stima. Huko Helsinki, Finland, mwezi wa Februari 2008, wasanii wawili waitwao HeHe walimulika kwa mwanga wa kijani mvuke uliotoka kwenye bomba la kiwanda cha stima katikati ya mji. Kadiri watu walivyopunguza matumizi, ndivyo wingu la kijani lilivyokua. Mtu angeweza kuzima taa, akatoka nje kutazama.

Basi sisi tufanye nini? Hatuhitaji mabango ya stima. Chukueni jerikeni dogo, tieni mchanga kiasi ili lielee lakini liwe zito. Lifungeni kamba, lielee ndani ya tangi. Kamba ipite juu ya gurudumu dogo ukingoni mwa tangi, na mwisho wake nje mfunge jiwe jepesi kuliko jerikeni. Maji yakishuka, jiwe linapanda. Kwa hiyo pakeni rangi ukutani hivi: chini kijani, katikati manjano, juu nyekundu.

Kisha mkutano ukubaliane mapema. Jiwe likifika manjano, kila nyumba ipate mitungi mingapi? Likifika nyekundu, nani apewe kwanza, wagonjwa au wenye watoto wachanga? Rangi isiyo na mapatano ni pambo tu. Wala msiandike ukutani majina ya waliozidisha. Hayo yazungumzwe ndani, kwa upole.

Sisi tumekwisha kuliweka jiwe letu, upande wa njia ya shule, na watoto ndio wanaotukumbusha. Kama lingekuwako mwaka ule, mama yule asingeitwa mwizi. Msingoje hadi mpoteze karani wenu.