Mwimbaji Aliyekataa Kuimba



Mtume Yakobo, katika waraka wake, anawakemea Wakristo wa mwanzo kwa jambo linaloonekana dogo, nalo ni nani aketi wapi. Mwenye pete ya dhahabu akiingia hupewa mahali pazuri, ilhali maskini huambiwa asimame kando. Leo napenda kuwasimulia habari za mtu aliyekutana na suala hilohilo la viti, naye hakuwa mhubiri, bali mwimbaji na mwalimu wa sauti. Huyo ni Todd Duncan, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Danville, jimbo la Kentucky, tarehe 12 Februari 1903.

Mama yake alikuwa mwalimu wa muziki, na ndiye aliyemfundisha piano kwanza. Kijana akasoma hadi chuo kikuu, na mwaka 1930 akaenda Washington kufundisha uimbaji katika Chuo Kikuu cha Howard, kilichoasisiwa mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Sauti yake ilikuwa baritoni, ile sauti ya kiume iliyo kati ya teno na besi. Katika kwaya zetu wamo wengi wenye sauti hiyo, ingawa mara nyingi tunawalazimisha waimbe besi.

Opera, kwa wasioizoea, ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Kwa desturi mwimbaji hatumii kipaza sauti, hana budi kuijaza nyumba nzima kwa pumzi yake mwenyewe. Mtunzi George Gershwin alikuwa akitafuta mtu wa kuimba nafasi ya Porgy katika opera yake mpya, Porgy and Bess. Alipomsikia Duncan akiimba wimbo mmoja wa Kiitalia, hakukawia kumwomba. Duncan naye, aliyelelewa katika muziki wa mabwana wa kale, akajibu kwamba angependa kwanza kuusikia huo muziki wenyewe! Akausikia, akakubali.

Opera hiyo ilianza kuonyeshwa New York tarehe 10 Oktoba 1935. Porgy ni ombaomba mwenye ulemavu wa miguu, aendaye kwa kigari kinachokokotwa na mbuzi. Kwa hiyo Duncan aliimba akiwa amepiga magoti, usiku baada ya usiku. Yeyote aliyewahi kuimba wimbo mrefu kwa magoti anajua jinsi pumzi inavyobanwa. Katika maisha yake aliimba nafasi hiyo zaidi ya mara 1,800.

Mwezi Machi mwaka 1936 kundi lao lilifika Washington, mji wake mwenyewe, kuimba katika jumba liitwalo National Theatre. Katika jumba hilo mtu mweusi aliruhusiwa kupanda jukwaani na kuimba, lakini hakuruhusiwa kukata tiketi, kuketi na kusikiliza. Maana yake, wanafunzi wa Howard wasingeweza kumsikia mwalimu wao. Duncan, pamoja na Anne Brown aliyeimba nafasi ya Bess, wakasema hawaimbi.

Ndipo yakaja mapatano. Wenye jumba walikuwa tayari kuwaruhusu watu weusi katika maonyesho ya mchana, siku za Jumatano na Jumamosi. Alipokataa, wakasema basi, watengewe sehemu yao. Nasi tunayajua mapatano ya namna hii, ndugu zangu. Yana sura ya busara, na wengi wetu tungeyapokea tukimshukuru Mungu kwa hatua ndogo. Duncan akakataa tena. Mwishowe jumba likasalimu amri, na muda wote wa maonyesho yale weusi kwa weupe waliketi pamoja.

Msimulizi mwenye haraka angekomea hapo. Lakini mara kundi lile lilipoondoka, ubaguzi ulirudishwa mlangoni kama zamani. Mwaka 1948, chama cha waigizaji kilipokataa wanachama wake wacheze mahali penye ubaguzi, mwenye jumba aliona heri aligeuze kuwa la sinema kuliko kuwauzia tiketi watu weusi. Likaja kufunguliwa upya mwaka 1952, kwa watu wote. Hesabuni: miaka 16! Je, Duncan alijisumbua bure? Mimi sidhani. Watu waliokwisha keti bega kwa bega na jirani zao, paa lisiwaangukie, ni vigumu kuwaambia tena kwamba jambo hilo haliwezekani.

Mwaka 1945 Duncan aliimba na Opera ya Jiji la New York nafasi ya Tonio katika Pagliacci, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuimba na kundi hilo, waimbaji wenzake wakiwa weupe. Mwaka 1949 akaigiza Stephen Kumalo katika Lost in the Stars, tamthilia ya muziki iliyotokana na riwaya ya Alan Paton. Kumalo ni mchungaji mzee wa kijijini Afrika Kusini, anayekwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe na kumkuta gerezani kwa kosa la kuua. Naye Duncan ndiye wa kwanza kuuimba Unchained Melody, katika filamu ya mwaka 1955. Wengi wanaoupenda wimbo huo hawalijui jina lake.

Baada ya kuimba katika nchi zaidi ya hamsini, alirudi kwenye kazi ya ualimu, safari hii nyumbani kwake. Ni kazi ngumu, makatekista mtanielewa. Mwalimu wa piano huonyesha vidole, fundi seremala huonyesha randa. Mwalimu wa sauti hufundisha chombo ambacho hakionekani, kilichofichika ndani ya koo la mwingine. Husikiliza, husahihisha pumzi, husahihisha irabu, kisha husikiliza tena, na makofi hupigiwa mwanafunzi. Duncan aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Alifariki Washington tarehe 28 Februari 1998, majuma mawili na ushei baada ya kutimiza miaka 95, na hata alipopita miaka tisini wanafunzi walikuwa bado wakija kwake kusoma.