Usingoje Giza: Daktari wa Retina na Mwenye Kisukari

  Iwe uko Likoni wangoja feri, Kisauni uko dukani, au Changamwe ndio umerudi kazini, nipe dakika chache. Leo tuzungumze kuhusu daktari ambaye wengi wetu hatumjui mpaka tumeshachelewa. Huyu ni daktari wa retina.

Retina ni nini? Ni utando mwembamba ulio ndani, nyuma kabisa ya jicho. Wazikumbuka zile kamera za studio za kutia filamu? Mbele kuna kioo, nyuma kuna filamu. Jicho nalo ni vivyo hivyo. Mtoto wa jicho huharibu kioo cha mbele, na daktari anaweza kukitoa akaweka kingine. Lakini retina ndiyo filamu yenyewe. Ikishakufa, hakuna nyingine ya kuweka.

Sasa sikiliza kisa hiki. Alikuwako mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa na kisukari kwa miaka tisa. Uzi ulipoanza kumshinda kuingia kwenye sindano, alinunua miwani ya barabarani. Ikashindwa, akanunua nyingine. Siku aliyofika kwa daktari wa retina, jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili liliwahiwa. Aliporudi aliniambia, "Sista, miaka yote hiyo ulikuwa ukinitoboa kidole kupima sukari. Mbona hukuniambia habari ya macho?" Sikuwa na jibu. Nilipima sukari, nilipima presha, nikasahau macho. Ndiyo sababu nazungumza nawe leo.

Kisukari huharibu macho kwa njia gani? Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, hudhoofisha mishipa midogo ya damu ndani ya retina. Mishipa huanza kuvuja. Baadaye huota mipya, dhaifu, ambayo hupasuka ikamwaga damu ndani ya jicho, au huvuta retina mpaka ikabanduka. Jambo la hatari ni kwamba mwanzoni hakuna maumivu, na mtu huona vizuri kabisa. Presha ikiwa juu, uharibifu huenda mbio zaidi.

Kumwona mbele uharibifu huo ndiyo kazi ya daktari wa retina. Safari yake ya masomo ni ndefu. Hapa Kenya husoma kwanza udaktari wa kawaida kama miaka sita, kisha hufanya mazoezi ya kazi hospitalini. Halafu husomea ubingwa wa macho kwa miaka mingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha mabingwa hawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Anayetaka retina huongeza tena mafunzo. Ukihesabu, ni zaidi ya miaka kumi tangu amalize sekondari. Ndiyo maana ni wachache, na foleni zao ni ndefu.

Moja ya silaha zake ni leza, na chanzo chake kina hadithi. Mwezi wa Julai 1945, jua lilipatwa huko Ulaya. Mwanafunzi mmoja wa udaktari nchini Ujerumani alilitazama kwa macho matupu, likamchoma retina. Daktari Gerd Meyer-Schwickerath alipoliangalia kovu lile, alijiuliza: ikiwa mwanga waweza kuchoma, kwa nini usitumike kutibu? Alianza kwa kukusanya mwanga wa jua, kisha akatumia taa kali. Leza zilikuja baada ya 1960. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani miaka ya 1970 ulionyesha kuwa matibabu haya hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupofuka kwa wagonjwa waliofikia hatua mbaya.

Daktari hupiga vidoa vidogo vidogo vya mwanga kando ya retina, mamia kwa mamia. Hupoteza kidogo pembeni ili aokoe katikati, pale unaposomea na kutambua uso wa mwanao. Kuna pia sindano za dawa ndani ya jicho, baada ya kulitia ganzi, na upasuaji wa kutoa damu iliyomwagika au kurudisha retina mahali pake. Lakini elewa jambo moja: kazi nyingi ya daktari huyu ni kulinda kilichobaki. Kilichokufa hawezi kukifufua.

Kwa hivyo, ndugu msikilizaji, ufanye nini?

Kwanza, ikiwa una kisukari, macho yapimwe kila mwaka, hata kama wasoma gazeti bila miwani. Mama mwenye kisukari akishika mimba, apimwe mapema.

Pili, siku ya kupimwa utatiwa matone ya kupanua mboni. Utaona ukungu kwa saa kadhaa, na jua litakuumiza. Usiendeshe gari wala bodaboda. Nenda na mtu.

Tatu, ukiona ghafla vidoa vyeusi vinaelea, vimulimuli vya mwanga, au kama pazia linashuka mbele ya jicho, usilale nalo. Nenda siku hiyo hiyo. Usitie asali, maziwa wala dawa ya majani.

Nne, shika dawa zako za sukari na presha. Leza haifanyi kazi ya chakula na dawa.

Utaanzia wapi? Anzia kliniki unayochukulia dawa, uombe barua ya kwenda kwa daktari wa macho. Hapa kwetu kuna Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi twaiita Makadara. Kuna kituo cha macho cha Lighthouse hapa Mombasa, na ukivuka Likoni kuelekea kusini, kuna kituo cha macho cha Kwale, kilichoanzishwa mwaka 1993. Uliza kama kuna huduma ya retina, na gharama ni kiasi gani, kabla hujalipa nauli.

Na muuguzi wako akikupima sukari akanyamaza, muulize wewe: "Sista, na macho je?" Hatakasirika. Mimi nilipoulizwa, nilikuwa nimechelewa.