Motokaa Ivujayo Oili

Leo nataka kuwaambieni habari ya sampo, yaani bakuli la chuma lililo chini ya injini ya motokaa, ambamo oili hukaa. Hapa Ufipa motokaa nyingi ni kuukuu, nazo zikidondosha matone mawili matatu, mwenyewe husema, "Haidhuru, nitaongeza oili." Mimi nami nalisema hivyo, kisha nikafanya kosa kubwa zaidi.

Naliona uvujaji umezidi, nikanunua gasketi, yaani ule utepe uzibao katikati ya sampo na injini. Nikaibadili mwenyewe, nikakaza bolti kwa nguvu zangu zote, nikidhani kwamba kukaza sana ndiko kuziba sana. Juma lile lile nikashuka Muze kumchukua mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa, nimlete hospitali Sumbawanga. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Basi kuipanda Lyamba lya Mfipa si mchezo. Katikati ya mlima taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima injini mara moja. Mtoto akalala majanini kando ya njia muda wa saa mbili, hata likapita lori likatuchukua. Alipona, namshukuru Mungu; lakini saa zile mbili sijazisahau.

Kwa nini taa iliwaka mlimani? Motokaa ikiinamia nyuma, oili hukimbilia upande mmoja wa sampo. Ikiwa imepungua, mdomo wa pampu hubaki wazi ukavuta hewa, na vyuma vizungukavyo kwa kasi husagana pasipo oili. Dakika chache zatosha kuiua injini.

Basi nisikilizeni vema. Kwanza, hakikisha ya kuwa sampo ndiyo ivujayo. Oili hutiririka toka juu, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma, hata sampo ikalaumiwa bure. Osha injini, ikauke, upake vumbi la chaki chini yake, kisha endesha kidogo. Penye mchirizi wa kwanza, wa juu kuliko yote, ndipo penye tundu.

Pili, simamisha motokaa mahali pa sawa, uzuie magurudumu. Usiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Sharti iwekewe stendi imara. Asubuhi za Juni na Julai kwetu ni za baridi, na oili huwa nzito. Washa injini ipate uvuguvugu, uizime, ndipo uimwage katika beseni. Usiimwage shambani wala kijitoni, maana maji hayo twayanywa sote. Itie katika debe, uipeleke kwa mafundi wakusanyao oili chafu.

Tatu, fungua bolti, uzichomeke katika kipande cha boksi kwa mpango ule ule zilivyokaa, kwa kuwa pengine hazilingani urefu. Sampo ikigandamana, igonge polepole kwa nyundo ya mti; usiichokoe kwa bisibisi ukakwaruza uso wa chuma. Ikisha kutoka, tazama masimbi yake. Ukiona chembe za chuma zing'aazo, ugonjwa uko ndani, wala gasketi haitauponya, mwite fundi. Safisha na chujio la pampu.

Nne, angalia ukingo wa sampo. Hapa ndipo nilipoliona kosa langu: matundu ya bolti yalikuwa yamebonyea kama vikombe, na gasketi imebanwa hata ikachomoza nje na kupasuka. Bonyeo dogo hunyoshwa kwa nyundo juu ya gogo. Sampo iliyoliwa na kutu au kupasuka sharti ibadilishwe. Futa gasketi ya kale yote, ukaushe oili kila mahali.

Tano, weka gasketi mpya, matundu yaelekeane. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kidogo kidogo, ukianzia katikati kwenda pembeni, upande huu na upande ule, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa. Funga bolti ya kutolea oili, tia oili mpya, upime kwa kijiti. Washa injini, uchungulie chini. Na kesho yake chungulia tena.

Wazee wa Ufipa waliokuwa wakiyeyusha chuma hawakukimaliza kwa moto mmoja. Kilitoka katika ilungu, tanuru refu la udongo, kikapelekwa katika tanuru dogo kusafishwa, ndipo mhunzi akakifua jembe. Walijua ya kuwa chuma hakitii pupa.

Nasi tukumbuke hayo tushikapo spana. Bolti ya sampo haitaki nguvu nyingi. Yataka nguvu iliyo sawa pande zote. Na tone uonalo leo chini ya motokaa, lishughulikie leo, ungali nyumbani, kabla halijakungoja mlimani na mgonjwa wa mtu mkononi mwako.