Kila Utrasaundi Ina Swali Lake

Mada kwa wazazi watarajiwa na wahudumu wa kliniki ya mama na mtoto



Swali linaloulizwa zaidi kwenye chumba cha utrasaundi ni la jinsia ya mtoto. Ni swali la furaha na sina ugomvi nalo. Lakini mama anapokuja kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi saba, akitaka tu kujua ni wa kike au wa kiume, majibu kadhaa yenye uzito kuliko hilo yameshampita na hayapatikani tena kwa uhakika uleule. Hoja yangu leo ni hiyo. Mashine ni ileile, ila vipimo vinavyofanywa nayo ni vingi. Kila kimoja kina swali lake na wiki zake, na mzazi anayelijua swali atajua aende lini na aulize nini.

Kuhusu mashine yenyewe sitakaa sana. Kifaa kinachopitishwa tumboni hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyafikii. Sikio letu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kifaa hiki hutumia kama milioni 2 hadi 5. Sauti hugonga mwili wa mtoto na kurudi, kama mtu anayeita kisimani akasikia mwangwi wake, na kompyuta huugeuza mwangwi huo kuwa picha. Jeli ile ya baridi huondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, maana hewa huizuia sauti hiyo. Hakuna eksirei hapa, ingawa mara nyingi mnaelekezwa idara ya mionzi na mnaogopa bure. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, ndio walioitangaza njia hii kwa madaktari wa uzazi mwaka 1958 kupitia jarida la Lancet, wakitumia maarifa ya mashine za viwandani zilizokuwa zikitafuta nyufa ndani ya chuma. Tangu wakati huo haijaonekana kumdhuru mtoto pale inapotumika kwa sababu ya kitabibu na kwa muda unaohitajika.

Kipimo cha mapema na suala la tarehe

Kadi ya kliniki ina nafasi ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kutoka hapo mkunga huhesabu siku 280, yaani wiki 40, akaandika tarehe ya matarajio. Hesabu hii inamfaa mama anayeikumbuka tarehe yake na ambaye hedhi yake huja kila baada ya siku 28. Wangapi kati yetu wako hivyo? Yupo aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango miezi michache iliyopita na mzunguko haujakaa sawa. Yupo aliyeshika mimba akiwa bado ananyonyesha, hajaona hedhi kabisa. Yupo aliyetokwa na damu kidogo mimba ikiwa changa akadhani ni siku zake.

Kwa mama hawa, na kwa wengine wote, utrasaundi ya kabla ya wiki 14 hutoa jibu ambalo kipimo cha baadaye hakiwezi kulitoa kwa usahihi huo. Mpimaji humpima mtoto kutoka utosini hadi matakoni. Wiki ya 7 urefu huo ni takriban milimita 10. Wiki ya 10 ni kama 31. Wiki ya 12 umefika kama 54. Katika umri huo watoto hukua kwa mwendo unaokaribiana sana, awe wa mama mrefu au mfupi, anayekula vizuri au anayetapika kutwa. Kwa hiyo umri wa mimba hupatikana kwa tofauti ya siku 5 hadi 7 tu. Katikati ya mimba tofauti inafika siku 10 hadi 14, na miezi mitatu ya mwisho inaweza kufika wiki 3, kwa kuwa sasa kila mtoto ameshika mwendo wake.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa. Chukueni mfano wa mama aliyepimwa wiki ya 9 akaandikiwa tarehe 10 Oktoba. Mimba ikiwa na wiki 33 anapimwa tena, na karatasi inaandika 28 Oktoba. Nyumbani wanasema tarehe imesogezwa. Haijasogezwa. Kipimo cha pili hakikuhesabu siku. Kimepima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kikasema mtoto huyu ana ukubwa wa mtoto wa wiki 30 na siku chache. Tukiipokea tarehe mpya na kwenda nyumbani kwa amani, tutakuwa tumemficha mtoto ambaye huenda hakui vizuri, ambaye kondo la nyuma linamlisha kwa shida. Tarehe iliyopatikana kwa kipimo cha mapema haibadilishwi na kipimo cha baadaye. Mkipewa karatasi tatu zenye tarehe tatu, mwulizeni daktari: tunashika ipi, na hii tofauti inasema nini kuhusu mtoto?

Na tarehe hiyo inabeba maamuzi mazito. Mama akitishiwa na uchungu kabla ya wakati, kuna sindano za kusaidia mapafu ya mtoto njiti. Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kati ya wiki 24 na 34, kwa masharti kadhaa, mojawapo likiwa umri wa mimba uwe umejulikana kwa uhakika. Vivyo hivyo kwa mama aliyepitiliza: huwezi kujua kwamba amefika wiki 41 kama hukujua alianzia wapi.

Kipimo cha mapema kina kazi nyingine pia. Kinaonyesha kama mimba imetunga ndani ya kizazi au nje, kwenye mrija, hali inayoweza kumuua mama kwa damu inayovujia tumboni. Kinatambua mimba zabibu. Kama ni mapacha, kinaonyesha kama wanatumia kondo moja au kila mmoja ana lake. Ishara za jambo hili huonekana vizuri kabla ya wiki 14, kisha zinafifia. Mapacha wanaotumia kondo moja wanaweza kunyang'anyana damu, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara zaidi, kwa kawaida kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16.

Mimba ikiwa changa sana, mpimaji anaweza kuomba kupima kwa njia ya uke. Akina mama wengi hushtuka, na wapo wanaoondoka. Kifaa ni chembamba, huvishwa kondomu mpya, na kibofu kinatakiwa kiwe kitupu, tofauti na kipimo cha juu ya tumbo ambacho mapema huhitaji mkojo. Hakisababishi mimba kutoka. Kiko karibu na kizazi, ndiyo maana kinaona mapema. Mama ana haki ya kuelezwa kwanza, kukubali au kukataa, na kuomba mhudumu wa kike awemo chumbani.

Kuna kauli moja inayovunja moyo kuliko zote: "Hatujaona mapigo ya moyo." Sikilizeni kwa makini. Mapigo huanza kuonekana kwa kipimo cha ukeni karibu na wiki ya 6. Mama aliyekosea tarehe kwa siku kumi anaweza kupimwa kabla moyo haujaonekana. Kwa kipimo hicho cha ukeni, madaktari husema mimba imeharibika pale mtoto anapokuwa amefika milimita 7 au zaidi bila mapigo, au mfuko wa mimba unapofika milimita 25 bila mtoto ndani. Chini ya hapo, kama mama hana damu nyingi wala maumivu makali, kinachotakiwa ni kurudia kipimo baada ya wiki moja au mbili. Asikubali kusafishwa kizazi kwa jibu la mashaka.

Kati ya wiki ya 11 na kukamilika kwa wiki ya 13 na siku 6, kwenye baadhi ya hospitali hupimwa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto. Yakiwa mengi, uwezekano wa tatizo la Down au kasoro ya moyo unaongezeka. Kinachopatikana ni uwezekano tu, na kipimo hiki kinahitaji mpimaji aliyefundishwa mahususi.

Wiki ya 18 hadi 22: mtoto mzima, kiungo kwa kiungo

Kama familia ina uwezo wa kupima mara moja tu, Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri iwe kabla ya wiki 24. Sasa mtoto ni mkubwa kiasi cha viungo vyake kuonekana, na bado ni mdogo kiasi cha kuenea kwenye picha. Mpimaji makini hutazama ubongo, mdomo wa juu, vyumba vinne vya moyo, ukuta wa tumbo, figo, kibofu, uti wa mgongo na miguu na mikono. Hii huchukua dakika 20 au zaidi. Aliyepimwa dakika tatu na kuambiwa "yuko vizuri" hajafanyiwa kipimo hiki, amesikilizishwa mapigo.

Wazazi huuliza, kuna faida gani kujua kasoro mapema? Mtoto mwenye mgongo wazi akijulikana tumboni, mama hupangiwa kujifungulia hospitali kubwa na mtoto huwahi upasuaji. Kwa Tanzania kazi hiyo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Mwenye tatizo la moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Asiyejulikana huzaliwa zahanati, na safari huanza akiwa tayari amezidiwa. Hata hivyo kipimo hiki hakioni kila kitu, hasa kasoro ndogo za moyo, na jibu zuri halina dhamana ya asilimia mia.

Hapa pia kondo la nyuma hutafutwa lilipo. Likionekana karibu na mlango wa kizazi, msihangaike: kwa wengi hupanda juu kizazi kinapokua, na kipimo hurudiwa karibu wiki ya 32. Lisipopanda, mama atajifungua kwa upasuaji. Aliyewahi kupasuliwa aseme mapema, kwa sababu kondo linaweza kujishika kwenye kovu na kuleta damu nyingi mno. Na mama mjamzito anayetokwa na damu asipimwe kwa vidole ukeni mpaka ijulikane kondo liko wapi.

Miezi ya mwisho

Maswali sasa ni mengine: mtoto anakua? Ametanguliza kichwa? Maji yanatosha? Dopla, ile yenye rangi nyekundu na buluu, hupima jinsi damu inavyopita kwenye kitovu. Ni muhimu sana kwa mtoto mdogo au mama mwenye shinikizo la damu. Rangi hizo zinaonyesha damu inaelekea upande gani. Nyekundu si hatari na buluu si ugonjwa. Uzito unaoandikwa ni makadirio, unaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15. Mtoto wa kilo 3.5 kwenye karatasi anaweza kuzaliwa na kilo 3 au 4, na namba hiyo peke yake haitoshi kumpeleka mama chumba cha upasuaji.

Picha za sura ya mtoto, za pande tatu, ni tamu kutazama na wakati mwingine humsaidia daktari kuona mdomo uliopasuka. Haziwi mbadala wa kipimo cha wiki ya 20. Kama fedha inatosha kimoja, tafadhali chagueni kile.

Nisiwape picha ya mashine inayookoa yenyewe. Utafiti mkubwa uliofanyika vijijini katika nchi tano, zikiwemo Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulichapishwa 2018. Maeneo yaliyopelekewa utrasaundi kliniki yalilinganishwa na yasiyopelekewa, na vifo na madhara makubwa kwa mama na vifo vya watoto wachanga havikupungua. Naamini sababu iko baada ya kipimo. Jibu lisipofuatwa na usafiri, damu na mikono ya upasuaji, linabaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo kabla hamjatoka chumbani, baba akiwepo ni bora zaidi, ulizeni: mimba ina wiki ngapi na tarehe ipi tunaishika? Kondo liko wapi? Mnataka kutuona tena lini, kutafuta nini? Karatasi zote zikae pamoja na kadi ya kliniki, ya kwanza ikiwa juu, na ziende nanyi kila hudhurio. Na mkiambiwa kondo liko chini, jioni hiyohiyo mkubaliane mtajifungulia hospitali ipi, nani ana gari usiku, na ndugu wawili gani watachangia damu.