Mto wa Mlimani Haujui Nauli Uliyolipa

Ndugu msikilizaji, kijana anayeshinda wiki nzima akipigana vikumbo Mtaa wa Kongo ana haki ya kwenda kuona milima na kuvuta hewa safi. Kwa hiyo sikushangaa vijana kadhaa wa Kariakoo waliponiomba niwapitilie hesabu za safari yao: kushuka mto wenye maji ya kasi kwa boti ya mpira na makasia.

Mto wenyewe ni Sagana, kule Kenya. Unateremka kutoka Mlima Kenya, na kabla ya kuitwa Tana na kuelekea Bahari ya Hindi, hupita kwenye miamba karibu na mji wa Sagana, kiasi cha kilometa 100 kaskazini ya Nairobi. Wenzao wengine walitaka Jinja, Uganda. Kule Mto Nile unatoka Ziwa Victoria, na mvua ya usiku mmoja haiubadilishi sana, ingawa maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa la umeme mwaka 2011. Sagana ni mto wa mlimani. Mvua ikinyesha juu usiku, asubuhi mto unaweza kufura, hata kama uliposimama wewe jua linawaka.

Nimeisoma bajeti yao. Nauli imo, hati za kusafiria zimo, malazi, chakula, hata fulana za sare. Jaketi okozi na kofia ngumu pia zimo, na hapo nawapongeza. Umekosekana mstari mmoja tu: fedha za siku ambayo hawataingia majini.

Usicheke, ndugu yangu. Watu wamechangishana miezi sita, wamekaa ndani ya basi zaidi ya kilometa 800, wanafika wanakuta mto una rangi ya chai ya maziwa. Mwongozaji anasema leo hapana. Nani atakubali kurudi? Hapo ndipo hutafutwa mwongozaji mwingine, wa bei nafuu na asiye na maswali. Kinachoua hapo si ujasiri. Ni nauli iliyokwisha kulipwa.

Na maji hayana huruma. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusukuma huongezeka mara nne. Lile povu jeupe limejaa hewa, kwa hiyo halikubebi kama maji matulivu. Ukianguka, usijaribu kusimama, maana mguu ukinaswa kati ya mawe maji yatakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu itangulie, mpaka utupiwe kamba. Mambo haya hufundishwa nchi kavu, kabla ya boti kuguswa.

Sisi Watanzania tumekwisha kulia vya kutosha. Tulilia MV Bukoba mwaka 1996, tukalia MV Nyerere mwaka 2018, kivuko kilichopinduka karibu kabisa na gati ya Ukara. Kuona nchi kavu si kuifikia.

Basi, ushauri wangu ni huu. Kwanza, wasipange safari katikati ya masika bila kuwauliza wenyeji wa mto. Pili, watenge siku mbili za akiba na fedha zake, zisiguswe kwa jambo jingine. Tatu, asiyejua kuogelea aseme sasa, wala asione haya. Kuzaliwa karibu na bahari si kujua kuogelea. Nne, na hili ndilo kubwa, wamchague leo mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Akisema hapana, iwe hapana. Asitaniwe njiani wala asidaiwe fedha ya mtu.

Atakayerudi Kariakoo bila kulowa atachekwa siku mbili au tatu, kisha biashara itaendelea. Mto ule ulikuwapo kabla ya soko letu, na mwakani utakuwapo.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.