Baada ya Matibabu ya Saratani ya Tezi Dume



Upasuaji au mionzi huweza kuacha mkojo ukivuja na nguvu za kiume zikipungua. Dawa za kushusha homoni huchosha mwili na kudhoofisha mifupa. Mzee huacha kupanda matatu kwenda mjini, huacha hata ibada, akidhani ni uzee. Msaada upo. Kaza na kulegeza misuli ile unayotumia kuzuia mkojo, kila siku. Tembea, uchovu utapungua. Nguvu za kiume nazo zina matibabu: mwambie daktari, mkiwa na mama watoto. Kipimo cha damu cha PSA usikiache hata ukijihisi mzima. Wenye maumivu, Nairobi Hospice imehudumia wagonjwa na jamaa zao tangu 1990.

Aibu isiwanyamazishe.